Vladimir Shukhov: Mhandisi aliyegeuza taka za Baku kuwa moto wa viwanda

JINA la Vladimir Grigorievich Shukhov huambatanishwa zaidi na minara. Mjini Moscow, Urusi, mnara wake wa redio wa Shabolovka ungali umesimama zaidi ya karne moja tangu ukamilishwe, na wasanifu majengo wa mataifa mengi huutaja kwa heshima.

Hata hivyo, kabla ya minara hiyo, Shukhov alikuwa amekwisha kuunda kifaa kidogo cha chuma ambacho hakikuwa na umbo la kuvutia macho. Kilikuwa kichomeo cha mafuta mazito. Kwa kifaa hicho, kitu kilichokuwa kikimwagwa mashimoni na baharini kama uchafu kiligeuka kuwa nishati ya meli, treni na viwanda.

Maisha ya mhandisi huyu yalianza na swali la namna ya kuuchoma uchafu huo, yakaendelea na swali la namna ya kuepuka kuuchoma, na yakaishia mikononi mwa moto wenyewe.

Shukhov alizaliwa Agosti 1853 katika mji mdogo wa Grayvoron, kusini mwa Urusi. Baba yake, Grigory Petrovich, alikuwa mtumishi wa serikali ambaye baadaye aliongoza tawi la benki. Mama yake aliitwa Vera Kapitonovna.

Alipelekwa kusoma jijini St Petersburg, ambako kipawa chake cha hisabati kilijitokeza mapema. Inasimuliwa kwamba siku moja aliithibitisha kanuni ya Pythagoras kwa njia aliyoibuni mwenyewe, na mwalimu akampa alama duni kwa kuthubutu kuacha njia ya kitabuni. Kama kisa hicho ni cha kweli, basi mwalimu huyo hakufaulu kumbadilisha, kwani maisha yake yote Shukhov aliendelea kutafuta njia fupi ambazo wengine hawakuziona.

Mnamo 1871 alijiunga na Chuo cha Kifalme cha Ufundi cha Moscow. Chuo hicho kilikuwa na sifa ya pekee katika zama hizo. Mwanafunzi hakuishia kuchora na kupiga hesabu tu, bali aliingia karakanani na kushika tupa, nyundo na tezo mpaka kile alichokichora kikawa kitu cha kushikika.

Ni katika karakana hizo ambapo Shukhov, akiwa angali mwanafunzi, alitengeneza kichomeo chake.

MZIGO WA MAZUTI

Ili kufahamu uzito wa kazi hiyo, yafaa kutazama hali ilivyokuwa Baku, mji wa bandari kwenye Bahari ya Caspian, ambao leo ni mji mkuu wa Azerbaijan. Katika miaka ya 1870 Baku ilikuwa chini ya milki ya Urusi, na ardhi yake ilijaa mafuta.

Wakati huo dunia haikuwa na haja ya petroli, kwani magari hayakuwapo. Bidhaa iliyotafutwa ilikuwa mafuta ya taa. Wenye viwanda walipasha moto mafuta ghafi, wakavuna mvuke wake na kuupoza ukawa mafuta ya taa. Lakini mafuta ya Baku yalikuwa mazito kwa asili, na katika kila mapipa matatu yaliyosafishwa, ni takriban pipa moja tu lililogeuka kuwa bidhaa ya kuuzwa.

Sehemu iliyosalia ilikuwa uji mweusi mzito ambao Warusi waliuita mazuti. Hakuna aliyeutaka. Ulimwagwa kwenye mashimo na kuachwa ufanye madimbwi, mwingine ukaishia baharini.

Ajabu ni kwamba mahali hapo penye nishati ya kutupwa palikuwa na njaa ya kuni. Rasi ya Absheron, ambako Baku imejengwa, ni kame na miti yake ni haba. Kaskazini, meli za mvuke za mto Volga zilikuwa zikila misitu kwa kuni, nayo makaa ya mawe yalilazimika kusafirishwa kutoka mbali.

Si kwamba hakuna aliyefikiria kuyachoma mazuti. Wapo waliojaribu kuyamimina kwenye sinia za chuma ndani ya tanuri. Yaliwaka, ila kwa moshi mzito mweusi, na sehemu kubwa ya joto lake ikapotea kupitia bomba la moshi. Mvumbuzi wa Kirusi Alexander Shpakovsky alikuwa ametangulia, katika miaka ya 1860, kujaribu kuyapuliza mafuta kwa mvuke. Lililokosekana lilikuwa kifaa sahili, imara na cha bei nafuu, ambacho fundi wa kawaida angeweza kukiunda na kukitumia bila taabu.

SIRI YA KICHOMEO

Yeyote aliyewahi kusoma kwa mwanga wa koroboi anaijua sehemu ya kwanza ya fumbo alilokabiliana nalo Shukhov. Koroboi hutoa mwanga wa manjano na kuacha masizi ukutani. Masizi hayo ni kaboni ambayo haikupata hewa ya kutosha kuungua. Karabai, inayotumia mafuta yale yale ya taa, hutoa mwanga mweupe bila moshi mwingi kwa sababu mafuta yake hugeuzwa kuwa mvuke na kuchanganywa na hewa kabla ya kuwaka.

Ukweli ni kwamba mafuta hayawaki yakiwa majimaji. Kinachowaka ni mvuke wake, tena pale tu unapokutana na oksijeni. Kilo moja ya mafuta huhitaji takriban kilo 14 za hewa ili iungue yote. Mafuta yaliyotulia kwenye sinia hukutana na hewa juu ya uso wake tu, ilhali yaliyo chini hupikwa na kugeuka moshi na lami.

Mafuta ya taa hugeuka mvuke kwa urahisi, lakini mazuti ni mazito na ukiyapasha moto hovyo huacha magamba ya kaboni yanayoziba bomba. Kwa hiyo utambi haukufaa, wala njia ya karabai. Iliyobaki ni njia moja, nayo ni kuyapasua mafuta yawe vitone vidogo mno.

Hesabu yake ni ya kustaajabisha. Chukua tone lenye upana wa milimita moja, uligawe liwe vitone vya sehemu moja ya kumi ya milimita. Utapata vitone 1,000, na jumla ya uso unaokutana na hewa itaongezeka mara kumi. Zaidi ya hayo, muda wa kitone kuungua hupungua kwa kadiri ya mraba wa upana wake. Kitone chembamba mara kumi humalizika kwa muda ulio mfupi takriban mara 100, hivyo huwa kimekwisha kuungua kabla ya kufika kwenye kuta za tanuri.

Shukhov alilitumia jambo lililokuwa tayari mkononi mwa kila mwenye boila, yaani mvuke wa maji. Aliweka bomba moja ndani ya jingine, vyote vikielekea kwenye mdomo mmoja mwembamba. Mazuti yalipita njia yake na mvuke ukapita yake. Mvuke ulipochopoka kwa kasi mdomoni uliyashika mafuta, ukayararua na kuyarusha mbele kama ukungu, huku ukivuta hewa kuandamana nao.

Uzuri wa kifaa hicho ulikuwa katika uchache wa vipande vyake. Hakikuwa na sehemu iliyozunguka wala springi ya kukatika. Nafasi ya mdomo ingeweza kurekebishwa, na uchafu ulipoziba njia, fundi alikifungua, akakisafisha na kukirudisha kazini. Karakana yoyote yenye tezo ingeweza kukichonga.

Kilikuwa na gharama zake pia. Sehemu fulani ya mvuke uliozalishwa na boila ilitumika kukilisha kichomeo chenyewe badala ya kusukuma mitambo. Boila ikiwa baridi hapakuwa na mvuke wa kuanzia, ikabidi uazimwe kutoka boila nyingine au kuni ziwashwe kwanza. Mazuti nayo yalihitaji kupashwa joto ili yatiririke. Lakini gharama hizo zilikuwa ndogo zikilinganishwa na faida. Tani moja ya mazuti yaliyochomwa vyema hutoa joto linalokaribia la tani moja na nusu ya makaa ya mawe ya kawaida, tena bila majivu ya kuchota.

SAFARI YA KWENDA BAKU

Shukhov alihitimu mwaka wa 1876 kwa nishani ya dhahabu. Pafnuty Chebyshev, mmoja wa wanahisabati wakuu wa karne hiyo, alimtaka awe msaidizi wake. Kijana huyo alishukuru na kukataa, kwani moyo wake ulikuwa kwenye vitu vya kujengwa.

Mwaka huo huo chuo kilimtuma Marekani pamoja na ujumbe uliohudhuria maonyesho makubwa ya Philadelphia. Huko alikutana na Alexander Bari, mhandisi mzaliwa wa Urusi aliyekuwa raia wa Marekani. Urafiki huo ndio ulioamua mwelekeo wa maisha yake.

Aliporejea alifanya kazi ya kuchora mipango ya reli jijini St Petersburg, lakini afya yake ilidhoofika katika baridi na unyevu wa jiji hilo. Nikolay Pirogov, daktari mpasuaji mashuhuri aliyekuwa rafiki wa familia, alimshauri ahamie penye joto. Bari, ambaye sasa alikuwa amerudi Urusi, alihitaji mhandisi wa kumtuma Baku. Mnamo 1878, akiwa na umri wa miaka 25, Shukhov alifunga safari.

Mafuta ya Baku wakati huo yalibebwa kwa mapipa juu ya mikokoteni ya farasi kutoka visimani hadi viwandani. Kwa niaba ya kampuni ya ndugu wa Nobel, Shukhov alisanifu bomba la kwanza la mafuta katika milki ya Urusi, la urefu wa takriban kilomita 10 kutoka visima vya Balakhany. Wenye mikokoteni waliona riziki yao ikipita ndani ya chuma, na walilishambulia bomba hilo hata ikabidi walinzi wawekwe njiani. Si kila aliyeguswa na werevu wa mhandisi alikuwa na sababu ya kumshukuru.

Mwaka uliofuata alijenga bomba la kusafirishia mazuti yaliyopashwa joto ili yasigande njiani. Alisanifu pia matangi ya chuma ya mviringo yenye sakafu nyembamba iliyolala juu ya mchanga, badala ya yale mazito ya pembe nne yaliyotumiwa na wengine. Umbo hilo la mviringo ndilo lililoenea duniani kote, na msafiri anayepita karibu na maghala ya mafuta popote huliona.

Kichomeo nacho kilipata uwanja wake. Mazuti yaliyokuwa yakitupwa sasa yalikuwa na mnunuzi. Meli za Caspian na Volga zilianza kuacha kuni, viwanda vikafuata, na matishari marefu ya chuma, mengine yakiwa ya Shukhov mwenyewe, yakapanda mto yakiwa yamesheheni kile kilichoitwa taka miaka michache tu kabla. Wahenga walinena usione vyaelea, vimeundwa. Katika Volga, hata moto uliovisukuma vyombo hivyo ulikuwa umeundwa.

Wengine walifanya kazi sambamba naye. Thomas Urquhart, mhandisi kutoka Scotland, alizigeuza injini za reli ya Grazi hadi Tsaritsyn katika miaka ya 1880 zitumie mafuta badala ya kuni na makaa. Wazo la kuyapuliza mafuta mazito ndani ya tanuri lilikuwa limeota mizizi.

Afrika Mashariki nayo ilionja matunda ya wazo hilo. Injini kubwa za mvuke za daraja la 59, ambazo kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester iliziundia reli yetu katika miaka ya 1955 na 1956, zilichoma mafuta mazito. Zilikuwa 34, kila moja ikipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki, na zilivuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi kwa zaidi ya miaka 20. Mojawapo, Mount Gelai, imehifadhiwa katika makavazi ya reli jijini Nairobi.

KUCHOMA AU KUTOCHOMA

Si wote waliofurahia kuona mafuta yakiteketea chini ya boila. Mwanakemia mkuu wa Urusi, Dmitri Mendeleev, alishikilia kwamba mafuta ni hazina yenye bidhaa nyingi ndani yake, na kuyatia motoni hivi hivi ni ufujaji. Hata hivyo, Mendeleev huyo huyo aliithamini kazi ya Shukhov kiasi kwamba mchoro wa kichomeo chake uliwekwa kwenye jalada la kitabu alichotoa kuhusu misingi ya viwanda mwaka wa 1897.

Shukhov mwenyewe hakuwa kiziwi kwa hoja hiyo. Mnamo Novemba 1891, yeye na mwenzake Sergei Gavrilov walipewa hataza ya mtambo wa kuvunja mafuta mazito kwa joto kali na shinikizo ndani ya mabomba, ili yageuke kuwa mafuta mepesi. Aliyewafundisha watu kuyachoma mazuti sasa alikuwa akiwaonyesha namna ya kuyaokoa yasichomwe.

Wazo hilo lilizaliwa kabla ya wakati wake. Petroli haikuwa na soko, na nchini Urusi hakuna aliyejenga mtambo huo. Ni baada ya magari kuzagaa ndipo William Burton alipoanzisha uvunjaji wa mafuta wa kibiashara nchini Marekani mwaka wa 1913. Mabishano ya hataza yalipozuka baina ya makampuni ya huko, wajumbe wa kampuni ya Sinclair walifika Moscow mwaka wa 1923 kumwona mzee Shukhov, na kazi yake ya 1891 ikatambuliwa.

MINARA NA MAPINDUZI

Kampuni ya Bari, ambayo Shukhov aliitumikia kama mhandisi mkuu kuanzia 1880, ilimpa nafasi ya kugusa karibu kila jambo. Boila zake zilituzwa katika maonyesho ya Paris ya 1900. Mnamo 1896, katika maonyesho ya Nizhny Novgorod, alisimamisha mnara wa maji wa mita 37 uliosukwa kwa vyuma vilivyonyooka ila kwa pamoja vikafanya umbo lililobonyea kiunoni kama kikapu. Kanuni ilikuwa ile ile ya kichomeo, yaani chuma kidogo na kazi kubwa.

Bari aliaga dunia mwaka wa 1913. Mapinduzi ya 1917 yalipokuja, kiwanda kilitwaliwa na serikali ya Wabolsheviki. Wengi wa tabaka lake walihamia ng'ambo. Shukhov alibaki, akiamini kwamba matangi, boila na madaraja yanahitajika chini ya utawala wowote, na wafanyakazi wenyewe wakamchagua aongoze kiwanda.

Mwaka wa 1919 Lenin aliidhinisha ujenzi wa mnara wa redio wa Shabolovka. Shukhov aliusanifu uwe wa mita 350, lakini nchi iliyovurugwa na vita haikuwa na chuma cha kutosha, ukapunguzwa hadi takriban mita 150. Mnamo Juni 1921 kamba ya chuma ilikatika na sehemu iliyokuwa ikipandishwa ikaanguka. Shukhov alihukumiwa kifo, hukumu ikiahirishwa kwa sharti kwamba aimalize kazi. Aliendelea kujenga huku hukumu hiyo ikimning'inia kichwani, na mnara ukaanza kurusha matangazo Machi 1922.

Baadaye serikali hiyo hiyo ilimpa Tuzo ya Lenin mwaka wa 1929, na Akademia ya Sayansi ikamfanya mwanachama wa heshima.

MOTO WA MWISHO

Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya upweke. Usiku mmoja, mapema mwaka wa 1939, mzee huyo wa miaka 85 alikuwa chumbani mwake mjini Moscow. Marashi yenye spiriti yalimwagikia vazi lake, na mwali wa mshumaa ukaudaka mvuke wake. Aliungua vibaya, akateseka kwa siku chache, na kufariki Februari 2, 1939. Alizikwa katika makaburi ya Novodevichy.

Huenda hapakuwa na mtu nchini mwake aliyefahamu vyema zaidi namna mvuke wa kiowevu unavyochanganyika na hewa na kuwaka kwa kufumba na kufumbua. Elimu hiyo, aliyoianza akiwa kijana mbele ya tezo ya chuo, haikumkinga na cheche moja.

Mnara wa Nizhny Novgorod ulihamishiwa kijiji cha Polibino, na huko ungalipo. Mazuti yanaendelea kuchomwa katika boila za meli na viwanda, yakipulizwa kwa mvuke au kwa shinikizo la pampu, na bado wahandisi wanashindana kupunguza upana wa kitone. Wanaotaka kuyavunja mazuti hayo kuwa mafuta mepesi nao wanafuata njia ambayo Shukhov na Gavrilov waliiandika mwaka wa 1891.